Fidla Zilizopotea kwenye Albamu Mpya

Kati ya albamu za kantri, ule muziki wa gitaa wa Wazungu, zilizonifikia miaka hii miwili nazipenda tatu, na zote tatu nimezisikia nusu.

Ya kwanza ni ya mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyelia akamaliza ndipo akaitwa kuimba. Jalada lake lina meza tupu na kiti kimoja. Kizungu changu ni cha darasa la sita, lakini nafahamu anaposema mume ametoka na hakufunga mlango. Ya pili ni ya mzee ambaye pumzi zimemwishia. Kila ubeti anaufikisha mwisho kwa shida, kama kuli na gunia la jioni. Ya tatu ni ya kijana. Huyo nilimdharau kwa kujaza ngoma, lakini wimbo wake wa sita, wa baba aliyeuza ng'ombe wa mwisho akarudi nyumbani na kamba mkononi, ulinikalisha chini. Baba yangu naye aliuza.

Anayenitumia albamu hizi kwa simu ni rafiki yangu tuliyegonga kutu pamoja kwenye karakana ya meli. Yeye alirudi kwao bara na kifua kibovu. Sisi tuliotoka kule, kantri tuliinyonya na maziwa. Jumapili redio ya baba ikianza kulia gitaa, hata mama aliacha kugombana. Wengine walishuka Mombasa na blanketi, mimi nilishuka na nyimbo hizo.

Siku moja nikampigia rafiki yangu. Simu naweka sikio la kulia, sauti mpaka mwisho.

"Wazungu wa siku hizi wameacha fidla," nikamwambia. "Na mimi nimependa. Muziki umekuwa mkavu, kama maisha yenyewe."

"Fidla gani imeachwa?"

"Albamu ya yule mama. Hakuna hata moja."

"Wewe! Fidla imeanza wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Mke wangu hapa ameichoka, kila siku auliza ni nani anamkanyaga paka."

Nikacheka. Nilipokata simu nikalaza sikio juu ya spika, nikaucheza tena wimbo wa kwanza. Gitaa nene lilikuwepo, ngoma ilikuwepo, mama alikuwepo. Fidla haikuwepo.

Basi sasa niwataje walioila fidla hiyo. Majina sitayaandika, wenyewe wanajijua. Wa kwanza ni msimamizi wetu pale karakana. Kugonga kutu ndani ya tangi la meli kwa nyundo ya upepo ni kama kukaa ndani ya kengele inayopigwa. Vizibo vya masikio vilikuwepo, vipya, kabatini mwake, na ufunguo shingoni mwake. Tulipewa siku wakaguzi wakija, na jioni tukivirudisha. "Mtaviharibu," akisema. Wa pili ni daktari wao. Alisimama hatua moja mbele yangu, akanitazama usoni, akauliza, "Wanisikia?" Nikayasoma maneno midomoni mwake nikasema ndiyo, akaandika mzima. Wa tatu ni mkubwa wetu wa chama cha wafanyakazi, aliyetuambia tuvute subira, na mchana akaonekana akila biriani na msimamizi sahani moja.

Wa nne ni mimi. Kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akijaza pamba masikioni, nikampa jina Bibi Harusi, na watu wakamcheka mpaka akahama kikosi. Leo Bibi Harusi asikia mbu. Kikosi chetu tulikuwa sita. Watatu wamezikwa, vifua viliwamaliza. Mmoja ni huyo rafiki yangu, mwingine hajulikani alipo. Mimi nimebaki hapa, nabeba viazi sokoni Marikiti, ambako hawaulizi masikio, wauliza mgongo.

Ninapolala ni Mji wa Kale, chumba cha chini, nyuma, katika nyumba ya mama mmoja wa ukoo wa Kiarabu anayekaa ghorofani. Ni miaka kumi na saba sasa. Siku ya kwanza alinipa sharti moja tu.

"Mwanangu, unywacho sikuulizi, na kanisa lako sikuulizi. Lakini adhana ikilia, hicho kinanda chako kinyamaze."

Nikalishika. Hata wimbo uwe umefika patamu, mkono wangu wenyewe ulikwenda kuzima. Walikuwepo wapangaji Waislamu waliosahau. Mimi sikusahau, na nilijivunia hilo kuliko ubatizo wangu.

Laasiri moja nilikuwa na yule mzee wa pumzi. Simu nimeiunganisha kwa waya na wufa, ile spika yangu kubwa, na sauti ni ile ambayo kikombe hutembea juu ya meza. Mlango ukasukumwa. Alikuwa jirani, mwenye duka la vitambaa, maji ya udhu yakimchuruzika viwikoni na mdomo ukienda mbio. Nikazima. Hapo ndipo nikaisikia adhana ikimalizika, mbali, kama inatoka Kibarani, na msikiti uko ng'ambo ya kichochoro.

"Mwaona dharau?" akawaambia waliojaa mlangoni. "Mwadhini yuwaadhini, bwana huyu amfungulia Mzungu na gitaa lake!"

"Sikusikia, ndugu yangu."

"Hukusikia! Hapa na msikitini ukitema mate yafika!"

Juma hilo nikarudia mara mbili zaidi. Mara ya tatu wazee watatu walipanda ghorofani kumwambia mama anitoe. Ningeweza kusema ukweli siku ile ya kwanza. Nilinyamaza, kwa sababu mjeuri bado ni mwanamume, na kiziwi nilishaona jinsi anavyosemeshwa.

Mama hakunitoa. Asubuhi yake aliteremka, akasimama nyuma yangu nikifua.

"Nimekwita mara tatu," akasema nilipogeuka. "Mgongo haukunijibu. Tangu lini?"

Nikamwambia. Hakunipa pole, na kwa hilo namshukuru. Alifikiri, kisha akasema swichi kubwa ya umeme iko kwenye ngazi yake. Kila adhana ikikaribia, akiwa nyumbani, atanikatia. "Kikizimika, wewe jua waitwa watu wa kuswali. Utakuwa umelishika sharti lako." Kisha akatoka barazani akautangazia mtaa kwamba mpangaji wake si mjeuri, ni mgonjwa wa masikio. Toka siku hiyo mwenye duka hunisalimu kwa kupiga kelele na kunionyesha vidole. Afadhali matusi yake.

Mpango huo ulikwenda miezi. Wufa ikikata, naketi nikingoja, ikirudi naendelea.

Alhamisi iliyopita nilikuwa na kijana wa ng'ombe. Simu nimeishika mkononi, waya wake kwenye wufa, kile kijistari chini ya jalada kikitembea. Wimbo wa sita ukapita, wa saba, wa nane. Nilikuwa napiga goti kwa kiganja, naitikia maneno ninayoyajua. Nikaona kivuli mlangoni. Mama alikuwa na sahani ya mbaazi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema, na aliyasema polepole nipate kuyasoma. "Nilikata kwa ajili ya laasiri, nikaingia jikoni nikasahau. Watu washaswali washatoka."

Kisha akaniangalia goti, kiganja kikiwa bado kinapiga. Akaiangalia wufa. Ile taa yake ndogo ya kijani ilikuwa imezimika.

"Wasikiliza nini?"

Nikamwonyesha simu. Kijistari kilikuwa kinatembea. Wimbo wa tisa.

Akaweka sahani chini, akapanda ngazi akijishika ukuta. Niliona taa ya kijani ikiwaka, na kikombe kikaanza kutembea juu ya meza. Kwa hivyo najua hapo muziki ulikuwa unalia.