Kikumbusho Kilichopitwa na Saa

Neno "imefika" linanitia kichefuchefu. Mtu akiniuliza kama mzigo wake umefika, namjibu kwa maneno mengine yoyote, ilimradi nisilitamke hilo. Nililisikia mno katika ofisi moja ya mjini Lubumbashi, ambako tulitengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa zao.

Mama yangu, mjane wa fundi wa reli, anaishi mtaa wa Naviundu, na ana presha ya macho. Ni ugonjwa mwizi. Hauumi wala hauwashi, unaiba tu mwanga kutoka pembeni kwenda katikati, na ukishauiba haurudishi. Daktari alimpa dawa ya matone, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, asikose. Mimi ni mtoto wake wa mwisho, tena fundi wa programu, ningemwachaje asahau? Nikamwekea programu yetu, na maneno ya kikumbusho nikayaandika mwenyewe kwa Kiswahili cha nyumbani: "Mama, tia dawa mu macho."

Toleo lile la kwanza nalionea fahari hata leo. Kengele ilipangwa ndani ya simu yenyewe, haikungoja mtandao. Huku kwetu umeme ukikatika watu wanazima simu ili betri isife, wanaiwasha kupiga tu, kisha wanaizima tena, na simu ikizimwa inasahau kengele zote ambazo programu iliziweka. Kwa hiyo niliifundisha kwamba simu ikiwaka tu, kitu cha kwanza ni kupanga kengele upya, na ile iliyopitwa na saa iachwe ife. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kikumbusho cha asubuhi kikilia jioni si kikumbusho tena, ni uongo.

Tukasifiwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bosi wetu, mtu ambaye manukato yake yalimtangulia mlangoni, akapata watangazaji, wa kubeti na wa dawa za kupunguza tumbo. Akaamuru vikumbusho visitoke tena ndani ya simu. Vitumwe kutoka ofisini kwa njia ya mtandao, ili vihesabiwe kimoja kimoja, na kila kimoja kibebe tangazo mgongoni. Nilimwambia kwamba simu iliyozimwa haipokei kitu. Vikumbusho vitangoja njiani, na siku simu ikiwashwa vyote vitamwagika pamoja. Basi angalau tuviwekee muda wa kufa, nikasema, kisichofika kwa saa yake kifutwe. Akakataa. Kilichofutwa hakihesabiwi, na watangazaji wanalipia vilivyofika tu. Aliyasema hayo akitafuna, makombo yakimdondokea kifuani, nami nikamtazama kwa kinyaa ambacho sikujisumbua kukificha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Toleo jipya likajiweka lenyewe kwenye simu za watu wote, ya Mama ikiwemo. Nilianza kumtengenezea programu yake peke yake, isiyo na takataka za mtu. Haijakwisha, umeme wa Naviundu ukakatika.

Safari hii ulikatika kwa siku nyingi. Mama akapeleka simu mtaa wa Hewa Bora kwa dada yangu, mwenye paneli ya jua, akaiacha huko imezimwa. Jumapili baada ya misa akaipitia, akarudi nayo nyumbani, akaiwasha. Mtandao ulipokamata, simu ikaanza kulia bila kupumua. Mama, tia dawa mu macho. Mama, tia dawa mu macho. Na chini ya kila kimoja, picha ya mpira na maneno ya kumhimiza mjane wa watu akabeti.

Kila Jumapili nilikuwa nakwenda kula bukari, ugali wetu, kwake. Siku hiyo nilimkuta amekaa sakafuni kando ya kiti, mikono ya baridi, chupa ya dawa bado ameishika. Alikuwa amejitilia tone kwa kila mlio. Katika hospitali ndogo ya jirani muuguzi alimshika kifundo cha mkono kusikiliza mapigo, akaenda kumwita daktari. Daktari akatueleza kwamba dawa ile inashuka kooni na kuingia damuni, na ikizidi inapunguza mwendo wa moyo, na moyo wa mtu wa umri wake ungeweza kusimama kabisa. Wakamlaza.

Jumatatu nilikwenda kumweleza bosi yote, tangu umeme hadi sakafuni. Alinisikiliza, pole akaitoa, kisha akanigeuzia kompyuta nione orodha ya vikumbusho vya simu ya Mama, kila mstari wa kijani wenye neno "imefika".

"Zote zilifika," akasema. "Regarde, angalia, hakuna hata moja yenye ilipotea."

Alikuwa amefurahi. Hilo ndilo nisilolisahau mpaka leo: alifurahi kweli, kwa moyo mweupe, kana kwamba ananipa habari njema ya mgonjwa. Nilichukua begi langu na chaja yangu, nikatoka. Manukato yake yalinifuata mpaka kwenye ngazi. Nilipofika nje nikatema mate barabarani, mimi niliyelelewa kuona aibu kwa jambo hilo.

Jioni nilimkuta Mama ameketi kitandani, moyo umerudi katika mwendo wake, anakunywa uji. Nilimuuliza siku zile zote bila simu alifanyaje. Akaniambia alitia dawa sawasawa, asubuhi akiamka na jioni kabla ya rozari, hakuruka hata mara moja. Nikashikwa na hasira upya. Kumbe kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko ofisi yetu nzima. Nikamuuliza, sasa kama alikuwa amekwisha kutia, kwa nini aliisikiliza ile simu?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Nilizani ni weye uko unaniita," akasema. "Uko na kazi mingi kule, na unaacha yote juu ya kuniita mama yako. Miye nikatae?"

Nilichukua simu yake na kuifuta ile programu, yeye akinitazama vidole, bakuli la uji mapajani. Nilipomrudishia, aliigeuza huku na huku.

"Sasa utakuwa unaniita na nini?"

Tangu siku hiyo nampigia mwenyewe, asubuhi na jioni, na simu yake ikiwa imezimwa, naenda Naviundu.