Kuta za Shangazi

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alipoteza macho akiwa msichana. Mchumba aliyekuwa anamzungukia akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mji mwingine, na hadi leo shughuli hiyo haijaisha. Shangazi hakukaa kushika tama. Akajifunza kukanda. Migongo ya wapagazi, shingo za mafundi cherehani, vifundo vilivyoteguka, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumshika mkono kumpeleka kazini.

Aliishi katikati ya mji, mitaa ya kale, kwenye chumba cha chini alimozaliwa. Nyumba za huko zimebanana, moja imeegemea nyingine, kwa hiyo mkono ukitoka kwenye ukuta mmoja unapokewa na mwingine. Hivyo ndivyo alivyoona. Kwenye kona ya fundi viatu palikuwa na msumari uliopinda. Mbele yake plasta ilikuwa imebanduka. Kisha mlango wa bati uliokuwa wa moto kila alasiri, kisha kwake: nguzo ya mlango yenye shimo ambalo baba alilichimba utotoni kwa msumari, akachapwa. Kidole gumba cha shangazi kiliingia humo bila kutafuta.

Watu walimwita Macho Manne. Mtu akimtania, "Macho Manne, unakwenda wapi na jua lote hili?" humjibu, "Kukutafutia maji ya kuoga, maana harufu yako imenitangulia." Mtaa mzima unacheka, naye anapita zake kifua mbele.

Halafu wageni wakaanza kupenda kulala mitaa ile. Wanataka ngazi za mbao zinazolia, na wanataka kutembea kwa miguu popote wanapokwenda. Shangazi alitembea hivyo maisha yake yote na hakuna aliyemwambia kwamba ni starehe. Mwenye nyumba akaja na ulimi wa asali. "Mama, tunatengeneza paa tu. Tokeni kidogo, likiisha mtarudi."

"Huyo anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," nikamwambia shangazi mtu huyo alipoondoka.

"Wewe mtoto ulizaliwa na ulimi mkali. Amenipa neno lake."

Kaka yangu, fundi bomba, akampatia makazi nje ya mji. "Kwa kodi ya chumba kimoja kule, huku unapata viwili, vigae chini, choo ndani," alirudia kila tulipokutana, kama mtu anayeuza. Na hakusema uongo, ndiyo maana nilishindwa kugombana naye.

Ila huko nje kila nyumba imesimama peke yake kwenye kiwanja chake. Asubuhi ya kwanza shangazi alifungua mlango, akapiga hatua kadhaa, akanyoosha mkono. Hakugusa kitu. Akausogeza kulia, akausogeza kushoto, akabaki amesimama vile vile mpaka mimi nilipomfuata. Wateja wake wa zamani walikuja mara mbili tatu, kisha wakachoka na safari.

Kaka, ambaye roho yake ni nzuri kuliko yangu, akafunga kamba kutoka mlangoni hadi dukani. Siku hizo chache shangazi alirudi kuwa yeye. Alishika kamba, akaenda kununua sukari, akarudi akijisifu kana kwamba ametoka ng'ambo. Lakini majirani waliona kamba mpya imekazwa vizuri, na mtu akiona kamba ya namna hiyo anafanya nini? Wakaanika nguo. Hawakuwa na ubaya wowote, hakuna aliyewaambia. Shangazi akatoka, akavaana na suruali mbichi usoni. Akarudi nyuma, akasema kwa adabu, "Samahani, baba."

Watu walivunjika mbavu, na yeye pia alicheka. Akaingia ndani na hakutoka tena peke yake. Majirani walipoelezwa waliona aibu, wakaja kutoa nguo zao wenyewe. "Waacheni waanike," shangazi akasema. "Mimi naondoka karibuni. Paa litakuwa limekaribia kwisha."

Mkoba wake wa mafuta ya kukandia ukakaa karibu na mlango, umefungwa tayari. Nilipopata habari kwamba paa limekwisha nilimpigia simu mwenye nyumba. Akacheka kidogo, akasema vyumba vyote sasa ni vya wageni. Nikamweleza shangazi waziwazi.

"Umesikia vibaya. Nipeleke nikaongee naye mwenyewe."

Tukaenda. Tulipofika kona ya fundi viatu, fundi mwenyewe hayupo siku nyingi, shangazi alitoa mkono begani kwangu na kuupeleka ukutani. Kuta zote zilikuwa zimepigwa plasta mpya na rangi, laini kama sahani. Mkono ukateleza, ukateleza, haukukuta msumari wala mbanduko. Mlango wa bati haukuwepo. Alikuwa anapunguza hatua, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa na asiyemjua.

"Tumefika, shangazi. Hapa ndipo."

Akashika nguzo. Mbao mpya, imepakwa vanishi. Kidole gumba kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Mlango ukafunguliwa, akatoka mgeni na begi lake, akatusalimu na kutushikilia mlango, akidhani tumekuja kufanya usafi.

"Hapa si kwangu," shangazi akasema.

"Ndipo! Naapa kwa kaburi la baba."

"Usimwapie baba yako kwa uongo. Umeogopa nisije nikagombana na mwenye nyumba, ukanileta mlango wa watu." Aliondoa mkono wake kwenye nguzo taratibu. "Nirudishe."

Nililia pale pale barabarani. Nilimsihi, nikamwelezea ukuta kwa ukuta. Akalitafuta bega langu, akalishika, akangoja nimgeuze.

Sasa anashinda kitandani kwenye vyumba vyake viwili, mkoba karibu na mlango. Chai yangu anaipokea, anashukuru, ila haniulizi tena chochote. Kaka akija ndipo humvuta karibu na kumnong'oneza, kana kwamba siwasikii.

"Dada yako alinipeleka kusiko kwangu. Wewe mwanangu unaijua nyumba. Utanipeleka lini?"

Kaka huangalia vigae vile alivyovisifia, kisha humwambia kwamba paa bado.