Kuku Saba wa Sam Plak

Shemeji yangu Sam Plak ni mtu wa hovyo, na hilo nalisema nikiwa mlangoni kwangu, kwa sauti, asikie. Shambani hutamwona. Mpunga anapanda dada yangu, anavuna dada yangu. Mwanamume yuko kivulini na kikombe chake cha mwanzi, pombe ya mchele haimtoki mdomoni, anajiita msomaji wa mifupa ya kuku, ati mababu husema naye humo. Msomaji, aka!

Mwaka jana Ai Lun, kizee mwenye nyati wa kufugwa kumi na mmoja, alimposa binti yao, Ye Nap. Msichana alishampenda Nyi Kawt, mtoto wa mjane, wala hakuficha. Basi akachinjwa kuku, mababu waulizwe kama Ai Lun anafaa. Sam Plak akachomeka vijiti kwenye vitundu vya mifupa ya mapaja. Vikakaa vibaya, yaani mababu wamekataa. Hata mimi niliona.

"Kuku huyu alikuwa mgonjwa," akasema.

Mgonjwa! Mtetea wa dada yangu, mnene hata kutembea anaona uvivu! Kesho yake akachinja mwingine. Mababu wakakataa. Mwingine tena, wakakataa. Kwetu mababu huulizwa mara moja, ukirudia, umewatukana. Nikamwambia.

"Shemeji, wewe koroga uji," akanijibu, midomo inang'aa mafuta.

Wa saba ndiye aliyekubali. Wazee wakaitwa kunywa pombe ya posa, Ai Lun akaja na nyati wa mahari. Sam Plak, kifua mbele, akaweka mifupa ya yule wa saba mkekani. Ye Nap akainuka na kikapu, akapanga jozi sita za mifupa kando yake, vijiti vingali vimo.

"Na hawa, baba, walisemaje?"

Mzee wa kijiji akaitazama mifupa, akamwaga pombe yake chini, akarudisha kikombe. Ai Lun anawaogopa wafu kuliko anavyopenda wasichana. Akasema mke ambaye mababu wamemkatalia mara sita hamtaki, akaondoka na nyati wake.

Siku hiyohiyo Ye Nap alikula uji kwa mjane, mama wa Nyi Kawt, na mpaka leo yuko huko, ameolewa. Sam Plak akanijia mbio, jasho linamtoka.

"Shemeji, niombee msamaha kwa wazee. Waambie nilikosea kusoma."

"Hukukosea. Ulisoma vizuri mara sita. Siwaambii."

"Shemeji, nakuomba..."

"Nimesema hapana. Au mpaka nirudie mara saba?"