Niliona Uzito wa Ile Sanduku, Nikadanganya

Niseme mara moja: kosa ni yangu. Watu wote wa depo wanafikiri ni ya chefu, mukubwa wetu wa kazi. Hapana! Ni miye nilidanganya, na nilidanganya kwa kupenda.

Nilikuwa naendesha elevatere, ile mashini yenye meno mbili mbele ya kunyanyua mizigo, katika depo moja hapa Bunia. Pembeni yake kulikuwa kibao ya chuma: mwisho tani mbili. Niliiheshimu sana.

Siku moja chefu wa depo akaniambia nibebe palete mbili za simenti mara moja. Nikakatala, sababu zilipita tani mbili. Unajua alifanya nini? Alinipigisha magoti kwenye vumbi, mbele ya wateja, mbele ya baba mukwe wangu aliyekuja kununua mabati!

"Omba pardo, omba musamaha, ao urudi kulima kwenu Mahagi!"

Nikaomba. Baba mukwe akageuza macho. Pale pale nikaapa moyoni: huyu mutu nitamuangusha.

Nikangoja miezi. Kiisha kamyo moja ya mizigo ikafika na jenereta ndani ya sanduku ya mbao. Patro mwenyewe, mwenye depo, alikuwa anaingojea. Nikasoma karatasi iliyobandikwa pembeni: tani tatu. Chefu akapiga kelele kutoka mulangoni:

"Iko na uzito gani?"

"Tani moja na nusu, chefu. Itapanda tu."

Nikabandua ile karatasi, nikaitia mufukoni. Moyo ulikuwa unacheka! Sanduku itaanguka, jenereta itavunjika, patro atamufukuza. Basi. Sikuwaza kama kuna mutu anaweza kuumia.

Nikanyanyua kidogo. Magurudumu ya nyuma ya mashini yakaacha udongo. Chefu akawaambia wabeba-mizigo:

"Pandeni nyuma, mukandamize!"

Wa kwanza kupanda alikuwa Justin, rafiki yangu, yule alisimama kando yangu siku ya ndoa yangu. Neno moja tu lingetosha: shuka! Mukono wangu ulikuwa kwenye manete, ile fimbo ya kunyanyulia. Nikaivuta, nikanyanyua zaidi.

Ee Mungu wangu! Sanduku ikateleza, ikapasuka chini. Nyuma ya mashini ikarudi kwa kishindo. Justin akarushwa, gurudumu ikamukanyaga muguu. Bado nasikia ginsi alilia.

Hospitali walimukata muguu chini ya goti.

Chefu akafukuzwa. Alilia mbele ya patro, akasema: "Huyu aliniambia tani moja na nusu!" Nikamuangalia machoni, nikajibu: "Hakuniuliza kitu." Wote wakaniamini, sababu walijua tabia yake ya kulazimisha watu. Na nilifurahi! Siku tatu nzima nilifurahi. Hata leo, nikimwona anapita na baiskeli yake, sina huruma naye. Sitawadanganya na ninyi.

Lakini Justin... Alikuwa ananiita "ndugu yangu". Muke wake akaniletea sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, kunishukuru sababu nilimutoa bwana yake chini ya mashini. Kunishukuru, miye! Sikuweza kumeza hata kidogo.

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwake, nikamwambia yote, na karatasi nikamuonyesha. Akaisoma. Kiisha akauliza jambo moja tu:

"Wakati nilipanda nyuma, uliniona?"

"Nilikuona."

Akachukua magongo yake, akaingia ndani. Muke wake akafunga mulango. Nilibaki nje kama mwizi.

Weye unayeendesha mashini, uko na hasira na chefu wako? Mutukane! Mushitaki! Acha kazi, hata mupigane ngumi barabarani! Lakini usiweke kisasi yako juu ya yale meno. Chefu hatakuwa chini yake. Mwenye atakuwa chini ni yule anakuamini.