Fundi Anavyowakimbia Mazombi

Kila mchana, mama fundi cherehani ninayefanya naye kazi hufuta vidole kwenye aproni, husogeza miwani hadi ncha ya pua, kisha hutoa kwenye droo kimashine cha gemu alichoachiwa na binti yake. Ndani yake mna gemu moja tu, la zamani: jumba lenye giza, mazombi tele na risasi za kuhesabu. Hachezi kimya. Mlango wa jumba ukilia, hubisha hodi kwa sauti. Zombi akitokea, humwambia, "Samahani, baba, napita tu," na vile vidole vinavyotunga uzi bila kutazama hubonyeza vitufe ovyo.

Jana alibakiwa na risasi moja, mazombi watatu wako nyuma yake. "Nakufa mie, dada!" akaniambia, akakimbia. Alikimbia kwelikweli: miguu ilikanyaga cherehani kwa kasi, na suruali iliyokuwa chini ya sindano ikashonwa mguu mmoja ukazibika. Mwenye suruali, mwalimu mkuu asiyejua kucheka, alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Akaushika ule mguu, akaukagua.

"Mama, mimi nitapitia wapi?"

"Subiri, mwalimu, wananifukuza!"

Mwalimu akainama kutazama. Akavuta kigoda. "Kushoto, mama! Kushoto, watakula!" Mlango ulipofungwa usoni mwa mazombi, tulikuwa tumekumbatiana watatu, tukirukaruka, naye mwalimu akihema na kuuliza kesho tunafungua saa ngapi.