Miwani ya Kukulia

Kaka yangu alikuwa mzamiaji bandarini. Mwaka mmoja baada ya kumzika, binti yake wa miaka tisa aliomba naye azamie, tukaenda na mama yake Kariakoo, kwa mzee mmoja aliyekuwa na miwani ya kuzamia. Ya mtoto ilikuwa ya kukodi tu. Ya kuuza ilikuwa ya mtu mzima.

"Tununue hii, shemeji. Ataikulia," mama yake alisema. Miaka ile ya foleni za madukani, hata viatu vya shule tulinunua hivyo.

Mtoto akaivaa. Vidole vyangu viwili vilipita kati ya mpira wa miwani na shavu lake.

"Viatu unajaza karatasi. Hii utajaza nini?" nikamuuliza shemeji.

"Wasomi bwana!" mzee akacheka.

Shemeji hakucheka. "Nataka kitu cha kubaki nyumbani."

Vifaa vya kaka vilikuwa mali ya kazini. Walikuja kuvichukua kabla matanga hayajaisha. Nililijua hilo, na bado nikakodi.

Jumapili mtoto alizamia baharini, akaona samaki. Alipotoka, alama ya mpira ilikuwa imemzunguka usoni. Mama yake aliitazama mpaka ikafutika. Jumatatu nilirudisha miwani. Sikuhisi chochote.