Kinanda cha Mabomba na Noti ya Benchi la Nyuma

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya sauti nilipewa pamba na kichupa cha spiriti, nikaambiwa nisafishe vichwa vya deki. Ilikuwa Tunduma, kwenye duka la kanda lililotazamana na foleni ya malori ya kwenda Zambia. Kichwa cha deki ni kipande kidogo cha chuma kinachogusa utepe wa kanda na kuisoma sauti. Kikishika uchafu, kwaya nzima husikika kama inaimba ndani ya gunia. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, na hakuna aliyenifukuza. Niliona tu kwamba kila kitu nilichotaka kukijua kilikuwa nje ya dirisha.

"Usiguse kitu ambacho hujakielewa," Mwenye Duka aliniambia.

"Nitakielewaje bila kukigusa?"

"Wewe hutakaa hapa," akasema.

Hakukosea. Nilikaa mpaka nilipojua kufungua deki na kuirudisha bila skrubu kubaki mezani, na kuwajibu wateja wa ng'ambo ya mpaka waliosema "mukwai", neno lao la heshima, kila walipouliza bei. Kisha nikaenda Vwawa kwa Fundi wa Redio, mzee aliyepima waya kwa ulimi. Kutoka kwake nilijifunza kuchomea waya kwa risasi. Nikaondoka tena, nikafuatana na kundi la mikutano ya injili lililozunguka Ihanda, Itumba na vilima vyote vya Ileje kwa gari bovu lililojaa spika. Msimamizi wa Vyombo wa kundi lile alinifundisha jambo moja kubwa: kabla ya kuweka maikrofoni, piga makofi mara moja, halafu nyamaza usikilize jengo linasema nini. Jengo la bati hupiga kelele. Jengo la matofali mabichi humeza. Kanisa la zamani lenye kuta nene hujibu taratibu.

Mwisho niliajiriwa kwenye studio ya kwaya mjini Mbeya, na huko ndiko nilikodumu kuliko kwingine kote. Mkuu wa Studio alikuwa mtu mpole, msomi wa mitambo ya sauti, asiyependa mambo yenye mapengo. Hata kikombe kilichomeguka ukingo alikitupa. Yeye ndiye aliyekuja na kazi ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii leo hupakua vinanda vya kompyuta bila kujua vinatengenezwaje.

Upande wa Iyula, kwenye mashamba ya kahawa na mahindi, kulikuwa na kanisa la zamani la misheni lenye kinanda cha mabomba. Kililetwa kikiwa vipande ndani ya makasha, na waliokifunga walishakufa wote. Kinanda cha zamani cha namna hiyo hakitumii umeme. Kina mivukuto, yaani mifuko mikubwa ya ngozi na mbao inayokanyagwa kwa mguu ili kusukuma upepo. Upepo hukaa kwenye sanduku chini ya mabomba, na mpigaji akibonyeza kibao, tundu hufunguka na bomba moja hulia. Mabomba madogo hulia kama filimbi. Makubwa, ya mbao, unayasikia zaidi miguuni kuliko masikioni.

Kanisa lile lilikuwa limepasuka ukuta, na wataalamu wa majengo walikuwa wamesema libomolewe baada ya mavuno. Kanisa jipya lilikuwa tayari limefika kwenye lenta. Kinanda kisingeweza kuhama, kwa kuwa mchwa walikuwa wameshalila sanduku la upepo. Ukiliinua, linabaki mikononi kama mkate mkavu. Vijana walitaka kanisa jipya litumie kinanda cha umeme, kile chenye midundo iliyo tayari ndani yake. Mpiga kinanda, Mama Nzunda, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kile tangu ni msichana na ambaye wote walimwita Mwalimu, alisema waziwazi mbele ya baraza la wazee wa kanisa:

"Hiyo ya kubonyeza mdundo siiwezi. Mkiileta, mtafuteni na mtu wa kuibonyeza. Mimi nitakaa na akina mama wengine, niimbe kama mgeni."

Baraza likakubaliana hivi. Studio irekodi kinanda cha zamani na kukitengeneza upya ndani ya kompyuta. Jumapili moja, kabla ya kanisa kubomolewa, hicho cha kompyuta kiongoze ibada. Kikiweza kuwaongoza watu, kitaingia kanisa jipya na Mama Nzunda ataendelea kukaa kwenye kiti chake. Kisipoweza, vijana wapewe nafasi.

Kurekodi kinanda cha mabomba ni kazi ya subira. Unarekodi bomba moja, peke yake, kuanzia upepo unapoingia hadi mwangwi wa mwisho unapofia kwenye kuta. Kisha la pili. Kisha la tatu, mpaka mabomba yote. Baadaye, ndani ya kompyuta, kila rekodi hufungwa kwenye kibao chake, ili mpigaji akibonyeza asikie bomba lilelile, ndani ya kanisa lilelile, hata kama kanisa halipo tena. Na kwa sababu mpigaji anaweza kushikilia noti kuliko tulivyorekodi, inabidi kutafuta kipande cha sauti kinachoweza kujirudia bila kiungo chake kusikika. Kipande hicho tunakiita kitanzi. Kutafuta vitanzi ilikuwa kazi yangu. Haina elimu ndani yake, ni kusikiliza tu mpaka sikio lichoke, unywe chai, usikilize tena.

Adui yetu alikuwa mashine ya kusaga iliyokuwa hatua chache kutoka kanisani. Mkuu wa Studio alikwenda kumwomba msagaji azime kila tunapoanza bomba. Foleni ya wanawake wenye ndoo za mahindi ilikuwa inasikiliza.

"Kwa hiyo sisi tusile ugali kwa sababu ninyi mnasikiliza bomba?" mmoja aliuliza.

"Ni kidogo tu, mama. Moja likiisha tunawaruhusu."

"Na likishasikilizwa, litapika?"

Foleni nzima ilicheka, na Mkuu pia. Walikubaliana kwamba tukitaka kimya tutatundika kanga nyekundu kwenye mlango wa kanisa, na msagaji atazima. Yule mama aliyetutania ndiye aliyekuwa akipiga kelele, "Kanga! Zima, kanga hiyo!" kila ilipoonekana.

Tulipofika kwenye mabomba makubwa ya mbao, Mama Nzunda alibonyeza kibao na hakikutoka kitu. Upepo ulipita tu, kama mtu anayepuliza chai.

"Hili vipi, Mwalimu?" Mkuu alimuuliza.

"Hilo ni bubu. Halijawahi kulia tangu nimekalia kiti hiki. Tumeshazoea."

Hapa lazima nieleze. Mama Nzunda alipiga karibu nyimbo zote kwa ufunguo mmoja, G, kwa sababu ndio ulioyafaa makoo ya watu wake. Kwa ufunguo huo, bomba bubu lilikuwa so ya chini. Kila anayeimba kwaya anajua kazi ya so ya chini: ndiyo noti ambayo sauti nzito husimama juu yake mwishoni mwa ubeti, kabla ya kushuka kwenye do na kupumzika.

"Litalia," Mkuu alisema.

Na lililia. Alichukua rekodi ya bomba la jirani, akaishusha kidogo kwenye kompyuta, akaipaka mwangwi wa kanisa lile. Ni njia ya kawaida na aliifanya vizuri. Mimi mwenyewe sikuweza kuitofautisha na mabomba mengine. Jumamosi tulipoleta kinanda kipya, vibao na kanyagio zake vikiwa vimeunganishwa na kompyuta, Mama Nzunda alikijaribu peke yake kanisani. Alipofika kwenye ile so alisimama, akaibonyeza tena, na tena.

"Limepona," akasema, akicheka. "Jamani, limepona."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Wengine walikuja kuabudu na wengine walikuja kuona kompyuta ikishindwa. Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Sauti ilikuwa ileile, na niliwaona watu wakigeuka kutazama kule kwenye mabomba ya zamani, ambako hapakuwa na mtu. Ubeti ulipofika mwisho, kwenye so ya chini, kitu kilivunjika. Wazee wa benchi la nyuma, upande wa kulia, walianza kuimba noti yao, wakanyamaza ghafla. Wanawake waliendelea. Kwaya ikangoja. Mama Nzunda alishuka kwenye do akiwa peke yake. Ubeti wa pili ulikuwa vilevile, na wa tatu ulikuwa mbaya zaidi, kila benchi likiwa mahali pake katika wimbo. Wimbo wa pili haukuwa na nafuu. Mchungaji akaamua nyimbo zilizobaki ziimbwe bila kinanda.

Baada ya ibada, baraza lilikaa palepale mbele ya madhabahu. Mzee wa kanisa aliyekuwa upande wa vijana alisema kwa upole, "Tumejaribu. Wenyewe mmeona." Mama Nzunda alikuwa ameshafunga vitabu vyake kwenye kitambaa. Hakulia wala hakubishana. Alikuwa amekaa kwenye benchi la akina mama, na hilo lilitosha.

Ndipo Mzee Simbeye, aliyekuwa mkubwa wa benchi la nyuma, akasimama akishika kofia yake.

"Mimi nina swali kwa hawa mafundi. Nani ametuimbia noti yetu?"

"Noti ipi, mzee?" Mkuu aliuliza.

"Ile ya mwisho. Ile ni yetu. Kinanda hakiimbi pale. Baba zetu walituonyesha: kinanda kikinyamaza, ninyi shikeni, na msiachie mpaka pumzi iishe. Mkiachia, mwalimu anashuka. Leo tunaanza, tunasikia mtu ameshaifikia. Tukajua tumechelewa, tukanyamaza."

Mama Nzunda alimgeukia. "Kumbe nilikuwa nawangoja ninyi?"

"Ulidhani unamngoja nani?"

"Nilidhani nangoja mwangwi uishe."

"Mwangwi," Mzee Simbeye alisema, akaketi. "Miaka yote hiyo ametuita mwangwi."

Watu walicheka, hata yule mzee wa upande wa vijana. Mkuu wa Studio hakucheka. Nilimjua, alikuwa anapambana na nafsi yake. Alinivuta kando karibu na ukuta uliopasuka.

"Nikiitoa ile noti, ninakabidhi kinanda kibovu," aliniambia. "Kina jina langu."

"Ulichorekodi wewe ni kile kinanda," nilimjibu. "Na kile kinanda hakina hiyo noti."

Alipiga makofi mara moja na kusikiliza jengo, kama tunavyofanya sote tukitaka muda wa kufikiri. Kisha akaenda kwenye kompyuta, akaifuta ile sauti aliyoitengeneza, na mahali pake akaweka kile tulichokirekodi kweli: upepo unaopita kwenye bomba bubu. Akaliomba baraza wimbo mmoja tu.

Watu wengine walikuwa bado uani wakisalimiana na kugawana habari za bei ya kahawa. Waliitwa warudi ndani. Mama Nzunda alifungua kitambaa, akatoa kitabu, akakalia kiti. Ubeti ulipofika mwisho, kinanda kilinyamaza, upepo ukasikika kidogo, na benchi la nyuma likaishika so. Waliishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani walikuwa wanaidai. Mmoja wao alikohoa katikati na wenzake wakaibeba bila yeye. Walipoiachia, Mama Nzunda alishuka kwenye do, na kanisa zima likashuka naye. Baraza halikupiga kura. Mchungaji aliuliza tu kama kuna mwenye neno, na hakukuwa na mwenye neno.

Kanisa la zamani lilibomolewa baada ya mavuno kama ilivyopangwa. Nilikwenda kuona, kwa udadisi tu. Mabomba ya bati yaligawanywa. Nimesikia moja linatumika kama mfereji wa maji ya mvua. Kanisa jipya lina mwangwi wake mdogo, mkavu, lakini Mama Nzunda akikaa na kuanza, unasikia kuta ambazo hazipo. Vijana nao wana kinanda chao cha midundo kwa ibada ya mchana, na hakuna ugomvi.

Mimi nimestaafu, nimerudi Tunduma, nilikoanzia, kwa kuwa mahali penye watu wanaopita hapanichoshi. Masikio yangu hayasikii tena sauti za juu sana. Ndege wa asubuhi nimewapoteza. Sauti nzito bado ninazo. Nikitazama nyuma, naona nimefanya kazi kwa watu wengi na sikukaa kwa yeyote muda wa kuitwa mwenyeji, na sioni kuwa ni hasara. Kazi yenyewe ilinipeleka mahali ambapo shule isingenipeleka.

Kabla hajaondoka Mbeya, Mkuu wa Studio alikiweka kile kinanda kwenye mtandao, bure, watu wakichukue. Chini yake aliandika anwani yangu ya barua pepe kwa wenye maswali, kwa sababu yeye hakutaka kuulizwa. Maswali huja kutoka nchi ambazo hata majina yake sijui kuyatamka, na simu hunitafsiria. Karibu wote huandika jambo lilelile: so ya chini haitoi sauti, je, faili limeharibika? Nawajibu kwamba faili ni zima, hapo panaimbwa. Wengi hawaandiki tena. Majuzi mmoja aliandika kuuliza kama anaweza kuiimba mwenyewe huku anapiga, maana anaishi peke yake. Alisema amejaribu, ila akiimba anasahau kungoja. Nilimwambia amwite jirani.